Meseji imekuja, hela haijaingia: mantiki rasmi na ulinzi wa kompyuta

Shangazi yangu ana kibanda cha uwakala wa pesa za simu pale Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Jioni moja ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa ndefu, kijana mmoja alifika dirishani akasema anatoa laki mbili na nusu. Simu ya shangazi ikalia. Meseji ilikuwa na kiasi, jina la mteja na namba ya muamala, kila kitu mahali pake. Akahesabu noti, akampa. Usiku alipofunga hesabu, taslimu ilikuwa imepungua laki mbili na nusu na floti, yaani salio lake la uwakala kwenye simu, haikuongezeka hata shilingi. Meseji ile ilitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, imeandikwa kwa kuiga maneno ya mtandao wa simu.

Nilimuuliza kwa nini hakuangalia salio. Akanijibu kwa uchungu: "Mwanangu, hela ikiingia si meseji inakuja? Na meseji ilikuja."

Nimefundisha masomo ya kompyuta kwa miaka kadhaa hapa Mbeya, na bado sijapata mfano bora kuliko jibu hilo la kueleza kwa nini mwanafunzi wa ulinzi wa kompyuta anapaswa kusoma mantiki. Tulipange vizuri. Kama hela imeingia, meseji inakuja. Meseji imekuja. Kwa hiyo hela imeingia. Sentensi ya kwanza ni ya kweli, na ya pili pia. Ya tatu ni ya uongo. Basi kasoro haimo ndani ya sentensi yoyote ile, imo kwenye namna zilivyofungwa pamoja.

Mantiki rasmi ni elimu ya hayo mafundo. Neno "rasmi" hapa halihusiani na mambo ya ofisini. Maana yake ni kwamba tunaangalia umbo la hoja bila kujali inazungumzia nini. Chukua hoja nyingine: kila gari la ndizi linalotoka Tukuyu kuja Mbeya mjini kwa barabara kuu hupita Uyole, gari hili la ndizi limepita Uyole, kwa hiyo limetoka Tukuyu. Mkazi yeyote wa hapa ataikataa papo hapo, maana Uyole hupita magari ya kila upande. Lakini umbo lake ni lile lile la shangazi: kama P basi Q, Q ipo, kwa hiyo P. Ndizi tunazijua, ndiyo maana hatudanganyiki. Meseji za miamala hatuzijui ndani yake, na hapo ndipo tapeli anapojipenyeza.

Sasa geuza. Kama hela imeingia, salio limeongezeka. Salio halijaongezeka. Kwa hiyo hela haijaingia. Hoja hii haiwezi kukuangusha: misingi yake ikiwa ya kweli, hitimisho ni la kweli, iwe ni hela, ndizi au seva ya benki. Kutoka "kama P basi Q" unaruhusiwa kwenda mbele ukiwa na P, na unaruhusiwa kurudi nyuma ukiwa na "si Q". Ukiwa na Q peke yake huruhusiwi kwenda popote. Mawakala wazoefu ambao hawatoi noti kabla ya kutazama salio wanatumia kanuni hii kila siku bila kuiita jina.

Kuna jambo linalowasumbua karibu wanafunzi wote wanapoanza. Katika jedwali la ukweli, yaani orodha ya kila hali ya P na Q kuwa kweli au uongo, "kama P basi Q" huhesabiwa kuwa kweli hata P ikiwa uongo. Wanaona ni ujanja wa vitabuni. Mimi huwaambia waichukue kama ahadi. Nikisema "mvua ikinyesha sitakuja sokoni," nimevunja ahadi lini? Ni pale tu mvua imenyesha na mimi nikaonekana sokoni. Siku isiyo na mvua, nije nisije, huwezi kunishika kwa uongo. Kati ya safu nne za jedwali ni moja tu inayonitia hatiani. Kanuni nyingi za ulinzi ni ahadi za aina hiyo: kama mtu amesoma faili hili, basi aliruhusiwa. Kazi ya mlinzi ni kuhakikisha safu ile moja haitokei kamwe.

Wa kwanza kuyaandika maumbo ya hoja kwa utaratibu tunaoujua alikuwa Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. George Boole aliyageuza kuwa aljebra katikati ya karne ya 19, na mwaka 1879 Mjerumani Gottlob Frege akatupa lugha yenye "kila" na "kuna". Waliosoma mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) watakumbuka kuonja Boole kidato cha tano, kwenye ile mada ya mantiki yenye saketi za swichi. Wengi tuliikariri, tukajibu mtihani, tukaiacha hapo. Ni hasara kubwa.

Kiswahili chenyewe kinatupa sababu ya kuihitaji. Soma tangazo hili: "Wafanyakazi wote hawaruhusiwi kufungua stoo." Mlinzi anaelewa kwamba hakuna hata mmoja mwenye ruhusa. Bosi huenda alikusudia kwamba si wote wenye ruhusa, yaani wapo wachache wanaoruhusiwa. Kikanushi kimeingia kwenye kitenzi, na hatujui kinakanusha nini hasa. Kwa binadamu si tatizo, atauliza. Kompyuta haiulizi. Inachukua tafsiri moja na kuitekeleza mara elfu kwa dakika. Frege angetulazimisha kuchagua: "Hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa," au "Si kila mfanyakazi anaruhusiwa." Nimeona ruhusa za mfumo mzima wa ofisi moja zikiwa zimekaa vibaya kwa sababu aliyeandika kanuni na aliyezigeuza kuwa programu walisoma sentensi kama hiyo kila mtu kivyake.

Sanduku la kikoba

Vikundi vingi vya vikoba huku kwetu hutunza hela kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Huo ni mfumo wa ulinzi, na unaandikika kwa mstari mmoja: sanduku linafunguka pale tu A amekubali na B amekubali na C amekubali. Neno zito hapo ni "na".

Uliza sasa swali la kinyume: ni lini sanduku halifunguki? Wengi hujibu haraka, "wote watatu wakikataa." Si kweli. Anatosha mmoja. Ukikanusha "A na B na C" unapata "si A au si B au si C". Ile "na" inageuka kuwa "au". Kanuni hii ina jina la Mwingereza Augustus De Morgan wa karne ya 19, na sidhani kuna kanuni inayokosewa zaidi yake katika kuandika programu. Mtu anataka kumzuia asiye na neno la siri au asiye na ruhusa, anaandika "na" badala ya "au", na mwenye neno la siri bila ruhusa anapita salama.

Mstari ule ule unaonyesha pia gharama. Aliyeshika ufunguo mmoja akisafiri kwenda Tunduma, na mtoto wa mwanachama akalazwa usiku huo, hela haitoki. Kikundi kinaweza kuamua wawili kati ya watatu watoshe: A na B, au A na C, au B na C. Mgonjwa atasaidika, ila sasa watu wawili wakila njama wanaweza kuiba, ambapo awali walihitajika watatu. Mantiki haiwachagulii wanakikundi. Inawaonyesha kila uamuzi umebeba nini, kabla hela hazijapotea.

Kwa watu watatu jedwali lina safu nane, unalimaliza kwa penseli. Programu yenye maamuzi 30 ya ndiyo au hapana ina safu 1,073,741,824, na programu ya kweli ina maamuzi mengi mno kuliko hayo. Ukiijaribu mara elfu kumi bila kuona kosa, umeona sehemu ndogo sana ya njia zake, na mdukuzi anahitaji moja tu kati ya zile ambazo hukuzipita. Ndiyo sababu ya kutaka uthibitisho: hoja inayogusa njia zote kwa pamoja, kama vile mtu anavyothibitisha kwamba jumla ya namba mbili shufwa ni shufwa bila kuzijumlisha zote.

Makufuli hayakuvunjwa

Hapa nataka tukae kidogo, maana ni kisa kilichonifanya niipende kazi hii. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki, yaani utaratibu wa kutumiana ujumbe, kwa ajili ya kompyuta mbili kutambuana kwenye mtandao wasiouamini. Nitaieleza kwa visanduku.

Kuna mkulima wa mpunga Kyela, mnunuzi mwenye duka Mwanjelwa, na dalali aliye Tukuyu. Wanatumiana visanduku kwa makondakta wa magari, na makondakta hawaaminiki hata mmoja. Kila mtu amesambaza makufuli yake yakiwa wazi. Yeyote anaweza kubana kisanduku kwa kufuli la mnunuzi, lakini ufunguo anao mnunuzi peke yake. Usimbaji wa ufunguo wa hadharani, yaani kuuficha ujumbe usisomeke na asiye na ufunguo, unafanya kazi vivyo hivyo.

Mkulima anabuni namba ya siri, tuseme 4417. Anaandika "Mimi ni mkulima, 4417," anafunga kwa kufuli la mnunuzi. Mnunuzi anafungua, anabuni namba yake, 9052, anaandika "4417, 9052" na kufunga kwa kufuli la mkulima. Mkulima anafungua, anaiona 4417, anaridhika kwamba ni mnunuzi aliyejibu, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kuisoma. Anarudisha "9052" kwa kufuli la mnunuzi. Mnunuzi akiiona 9052 anaridhika kwamba kule upande wa pili ni mkulima. Inapendeza, na wataalamu wengi waliisoma wakaridhika.

Siku moja mkulima anaanzisha mazungumzo ya halali na dalali: "Mimi ni mkulima, 4417," kwa kufuli la dalali. Dalali anafungua, anayanakili maneno yale yale, anayafunga kwa kufuli la mnunuzi na kuyatuma Mwanjelwa. Mnunuzi anajibu kama kawaida: "4417, 9052," kwa kufuli la mkulima. Dalali hawezi kukifungua kisanduku hicho, wala hana haja. Anakipeleka Kyela kama kilivyo. Mkulima anafungua, anaiona 4417, anadhani ni jibu la dalali, na kwa nia njema anamrudishia "9052" kwa kufuli la dalali. Dalali sasa anayo 9052. Anaifunga kwa kufuli la mnunuzi, anaituma. Mnunuzi anaiona namba yake ya siri imerudi na anaamini anaongea na mkulima. Kisanduku kinachofuata kinasema: malipo ya mpunga tuma kwenye namba hii.

Hakuna kufuli lililovunjwa. Hakuna ufunguo ulioibwa. Sikiliza hoja ya mnunuzi: kama huyu ni mkulima, ataijua 9052; huyu anaijua 9052; kwa hiyo huyu ni mkulima. Ni ile ile ya Uyole.

Gavin Lowe aliligundua shambulio hili mwaka 1995, miaka 17 baada ya itifaki kuchapishwa. Dawa yake ilikuwa neno moja: kwenye kisanduku cha pili mnunuzi aandike pia jina lake. Mkulima akifungua kisanduku anachodhani ni cha dalali na kukuta jina la mnunuzi, anaacha hapo hapo. Mwaka uliofuata Lowe akachapisha kazi nyingine akionyesha programu ya ukaguzi, FDR, ikilifuma shambulio lile yenyewe kwa kupitia hatua zote zinazowezekana, na ikilikosa kwenye itifaki iliyorekebishwa.

Kuna sehemu ya kisa hiki inayoachwa mara nyingi, nami naona ndiyo yenye funzo zito. Mwaka 1989 Michael Burrows, Martín Abadi na Needham mwenyewe walitunga mantiki maalumu ya kupima itifaki, inayojulikana kwa herufi za majina yao, BAN. Waliipima nayo itifaki hiyo, na shambulio halikuonekana. Hawakukosea hesabu. Mantiki yao ilichukulia kwamba walioshiriki mazungumzo ni waaminifu, na dalali wetu ni mshiriki halali asiye mwaminifu. Hoja inaweza kuwa na umbo safi kabisa na bado ikakuacha wazi, kwa sababu ya kitu ulichokipa ukweli mwanzoni bila kukitazama.

Hilo limejirudia. Mwaka 2005 watafiti walithibitisha usalama wa salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapounganishwa kwa Wi-Fi yenye ulinzi wa WPA2. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef akaonyesha shambulio aliloliita KRACK: ukiilazimisha simu kuupokea tena ujumbe wa tatu wa salamu hizo, inauweka ufunguo ule ule upya, kihesabio kinachofanya kila ujumbe ufichwe kivyake kinarudi mwanzo, na mawasiliano yanaanza kusomeka. Uthibitisho ulisema ufunguo utabaki siri, na kweli ulibaki siri. Haukusema chochote kuhusu kuuweka mara mbili.

Yanayothibitika na yasiyothibitika

Wauza vifaa huahidi programu "inayokamata virusi vyote". Mwenye mantiki anajua bila hata kuijaribu kwamba ahadi hiyo haitimiziki. Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kupewa programu yoyote na kusema kwa uhakika kama itasimama au itaendelea milele. Katika miaka ya 1980 Fred Cohen alitumia njia kama hiyo kwa virusi. Tuseme kipo kitambuzi kisichokosea. Nitaandika programu inayokiuliza, "Mimi ni kirusi?" Kikisema ndiyo, programu inakaa kimya bila kuambukiza chochote. Kikisema siyo, inaambukiza. Kwa jibu lolote lile kitambuzi kimekosea, kwa hiyo kitambuzi kisichokosea hakipo. Flashi inayozunguka kutoka stationery moja hadi nyingine pale mjini itaendelea kuhitaji uangalifu wa mtu.

Lakini "haiwezekani kwa programu zote" ni tofauti na "haiwezekani kwa programu hii". Kikanushi tena, na mahali kilipokaa! Mwaka 2009 kikundi cha Australia kilikamilisha uthibitisho kwamba kiini cha mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) kiitwacho seL4 kinafanya kile tu kilichoandikwa kwenye maelezo yake. Programu ilikuwa na mistari kama 8,700 ya lugha ya C. Uthibitisho wake, uliokaguliwa na mashine, ulizidi mistari 200,000. Itifaki ya TLS 1.3 inayolinda tovuti za benki unazofungua kwenye simu ilichapishwa 2018 baada ya rasimu zake kupitishwa kwenye zana za kukagua itifaki kama Tamarin na ProVerif, na hilo naliona kuwa mabadiliko makubwa ya tabia: kukagua kabla ya kutoa, badala ya kungoja miaka 17.

Kwa anayetaka kuanza, awe yuko chuoni Iyunga, Iringa mjini au kijijini Makete na kompyuta ya kuazima, zana za uthibitisho na ukaguzi karibu zote ni za bure: Isabelle, Lean, Alloy, ProVerif. Ila ningemwomba asianze nazo. Achukue katiba ya kikoba cha mama yake, aandike kila kanuni kwa "kama", "na", "au", "si", "kila" na "kuna", kisha atafute njia ya kuiba bila kuvunja kanuni hata moja. Kazi hiyo inachukua wiki mbili tatu, na nimeona wanafunzi wakirudi na matundu ambayo wanakikundi hawakuyawazia kwa miaka. Atakayekuwa ameifanya kwa mkono ataielewa Alloy kwa siku chache.

Shangazi nilimweleza kwa mpunga na makufuli, kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na hilo salio nani ananiambia? Si simu hiyo hiyo?"

Swali lake lilikuwa sahihi. Tulikaa tukaandika nyuma ya boksi la vocha yale tunayoyachukua kuwa kweli anapoangalia salio: kwamba menyu ameifungua yeye mwenyewe kwa mkono wake na hakuletewa, kwamba laini iliyo kwenye simu ni yake na haijasajiliwa upya na mtu mwingine, kwamba namba ya siri hakuna aliyemwona akiibonyeza. Boksi lile ameligundisha ukutani, upande wa ndani wa dirisha. Wiki iliyopita nilikuta ameongeza mstari wa nne kwa mwandiko wake: kwamba simu haijatoka mkononi mwangu tangu asubuhi.